Mlango kufuta kumbukumbu: sayansi, uzee au porojo?

#1 Fundi Saa
Wakuu, habari za muda huu.

Juzi nilitoka sebuleni kwenda chumbani kuchukua mkasi. Nilipofika nikasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa, akafika na kukuta hakuna aliyemwita. Nikaangalia kitanda, nikaangalia kabati, nikavuta droo, nikairudisha. Nikatoka na chaja ya simu mkononi. Chaja sikuwa na shida nayo, simu ilikuwa imejaa. Nilipoiona bahasha mezani, ile niliyotaka kuifungua, ndipo mkasi ukarudi kichwani.

Sasa jana kwenye magrupu imenijia picha yenye maandishi makubwa: "SAYANSI IMETHIBITISHA: ukivuka mlango ubongo hufuta kumbukumbu za chumba ulichotoka." Chini yake kimechorwa kichwa chenye mlango. Hakuna jina la mtafiti, hakuna mwaka.

Msimamo wangu: mlango unasingiziwa. Nina miaka 44, nadhani ni umri tu. Ila nataka kuwasikia wanaojua. Kuna ukweli wowote hapo? Na kama upo, mbona kazini napita milango mchana kutwa na sisahau?

#2 Sijalala
Hiyo ni chai, mkuu. Mlango ungekuwa unafuta kumbukumbu, wanaotudai wangekuwa wanafika kizingitini wanasahau deni.

#3 BintiTafakuri
Siyo chai yote, Sijalala.

Utafiti upo. Gabriel Radvansky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, waliuchapisha mwaka 2011. Waliwakalisha wanafunzi mbele ya kompyuta, wakawa wanatembea kwenye vyumba vya kuchorwa, kama gemu. Unafika kwenye meza, unachukua kitu, na ukishakichukua hukioni tena. Unakwenda meza nyingine, unakiweka, unachukua kingine. Njiani unaulizwa ghafla: umebeba nini? Mara nyingine meza ya pili ilikuwa chumba hicho hicho, mara nyingine ng'ambo ya mlango, na umbali haukubadilika. Waliovuka mlango walichelewa zaidi kujibu na walikosea zaidi. Wakarudia kwa vyumba vya kweli, vitu vikiwa vimefunikwa ndani ya maboksi, ikatokea vilevile.

Lakini linganisha na picha uliyotumiwa. Hakuna kilichofutwa. Maelezo yao ni kwamba ubongo unayakata matukio vipande vipande, kama sura za hadithi. Ukiingia mahali papya sura mpya inafunguka, na yaliyokuwa kwenye sura iliyopita yanasogea mbali kidogo. Yapo, ila hayapo mkononi. Mkasi wako ungekuwa umefutwa, bahasha ingekurudishia nini?

#4 Jongoo Mwendo Pole
Mnazunguka mbuyu bure. Binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, asilimia 90 imelala. Sasa mkasi utakaa wapi? Einstein aliamsha kidogo tu mkaona kilichotokea.

#5 Sijalala
Jongoo kaingia. Naweka kambi hapa.

#6 Kalamu Nyekundu
Nimefundisha darasani miaka 31 na hiyo asilimia 10 nimeifuta ubaoni kila mwaka. Wewe Jongoo lazima ulikuwa umekaa dawati la nyuma.

Mara nyingi inasukumiwa kwa William James, mwanasaikolojia wa Harvard. Mwaka 1907 aliandika kwamba watu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wao wa akili. Hakutaja asilimia yoyote, na alizungumzia uwezo, siyo nyama ya ubongo. Mwaka 1936 Lowell Thomas akaandika dibaji ya kitabu cha Dale Carnegie, akamwekea James maneno ya asilimia 10 mdomoni. Kuanzia hapo ikatembea kwa miguu yake yenyewe.

Ubongo una uzito wa asilimia 2 hivi ya mwili lakini unakula takriban asilimia 20 ya nishati ukiwa umepumzika. Mwili hauwezi kulipa gharama hiyo kwa kitu kilicholala. Na mtu akipata kiharusi, doa dogo tu likifa, anaweza kupoteza usemi au mkono. Kama 90 ingekuwa akiba, viharusi vingi vingepita bila mtu kujua. Skani nazo zinaonyesha sehemu zote zinafanya kazi, hata ukiwa usingizini.

#7 Jongoo Mwendo Pole
Sawa mwalimu, shikamoo. Lakini hukumaliza. Seli za neva ni moja kwa kumi. Zile tisa ni seli za glia, ni gundi tu ya kushikilia. Kwa hiyo 10 yangu bado imesimama, imebadilisha mguu tu.

#8 Dokta Feki
(Feki ni jina tu, na udaktari pia sina. Nimesomea baiolojia.)

Jongoo, hata hiyo ya moja kwa kumi ilikaa kwenye vitabu vya chuo miaka mingi bila mtu kuhesabu. Aliyehesabu ni Suzana Herculano-Houzel wa Brazil, na namna alivyohesabu ndiyo tamu. Shida ya ubongo ni kwamba seli zimesongamana hapa na zimetawanyika pale, ukihesabu kipande kimoja ukazidisha, unadanganyika. Yeye akauyeyusha ubongo mzima ukawa rojo. Utando wa seli unavunjika, viini vinabaki vinaelea. Unakoroga mpaka vinasambaa sawasawa, unachota tone, unahesabu viini chini ya hadubini, unazidisha. Viini vya seli za neva vinatiwa rangi ya kuvitofautisha.

Mwaka 2009 wakatoa jibu: seli za neva takriban bilioni 86, na zisizo za neva karibu idadi hiyo hiyo. Ni moja kwa moja, siyo moja kwa kumi. Na glia siyo gundi, zinalisha, zinasafisha na zinashiriki mawasiliano.

Ila na sisi tusizidishe: walipima ubongo wa wanaume wanne tu. Bilioni 86 inatajwa kama namba ya kitambulisho, kumbe ni wastani wa watu wanne.

#9 Sijalala
Rojo la ubongo. Na mimi nilikuwa nataka kulala.

#10 Mama Wawili
Narudi kwenye mada ya Fundi Saa. Mimi nina miaka 29, kwa hiyo uzee mniondolee. Haya mambo yalinianza baada ya mtoto wa pili. Siku moja niliweka rimoti ya televisheni kwenye friji nikatafuta nyumba nzima. Siku nyingine niliita majina matatu kabla ya kufika kwa mtoto niliyemtaka, na moja lilikuwa la paka.

Kwangu jibu ni usingizi. Mtoto alipoanza kulala usiku kucha, nami nikarudi kuwa mtu.

#11 Dokta Feki
Mama Wawili ana hoja nzito. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walifundisha watu silabi zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya saa kadhaa, wengine wakiwa wamelala na wengine wakiwa macho. Waliolala hawakusahau sana kama waliokaa macho.

#12 Kalamu Nyekundu
"Watu", "wengine". Sema ukweli wote, daktari. Walikuwa wanafunzi wawili, wakipimwa mara nyingi kwa zamu.

#13 Dokta Feki
Wawili, ndiyo, nakubali. Lakini tafiti nyingi zilizofuata, kubwa zaidi, zimeelekea huko huko. Wale wawili walibahatika kuwa sahihi.

#14 Mtaa wa Saba
Mnasahau chanzo chenyewe: simu. Zamani binadamu alikuwa anasoma kitabu siku nzima. Sasa hivi umakini wetu umeshuka mpaka sekunde 8, samaki wa dhahabu ana 9. Hii siyo ya magrupu, ni ripoti ya Microsoft. Mleta mada hakusahau mkasi kwa sababu ya mlango, alisahau kwa sababu kichwa kimezoea kuruka ruka.

#15 BintiTafakuri
Ripoti ipo, ya Microsoft tawi la Kanada, mwaka 2015. Lakini wao hawakupima hizo sekunde 8. Waliitaja tovuti moja ya takwimu, na waliojaribu kufuata nyayo kutoka pale hawakufika kwenye utafiti wowote. Njia inaishia kichakani.

Na samaki amekosewa heshima. Samaki hao wanafundishika, na wanakumbuka walichofundishwa kwa wiki kadhaa. Nani aliwahi kumuuliza samaki sekunde 9?

Halafu jiulize umakini wa nini. Mtu huyo wa sekunde 8 anakaa anatazama mechi dakika 90 na za nyongeza.

#16 Mtaa wa Saba
Namba naiacha. Lakini simu siiachi. Wewe mwenyewe umeandika komenti ndefu vile, nina hakika katikati uliangalia meseji.

#17 BintiTafakuri
Mbili. Zilikuwa za kazi.

#18 Fundi Saa
Nashukuru kwa michango. Nimeamua kufanya utafiti wangu nyumbani. Nimefungua daftari, kila nikisahau naandika siku, nilikokuwa, nilikokwenda. Jana nimejaribu dawa ninayoijua tangu utotoni: rudi pale ulipotokea, kitu kitakurudia. Mara moja imefanya kazi, mara moja imegoma, nikabaki nasimama mlangoni nikitazama pande zote mbili kama mlinzi.

#19 Sijalala
Na mkasi ulipatikana?

#20 BintiTafakuri
Fundi Saa, hiyo dawa waliijaribu kwenye utafiti ule ule wa 2011. Jaribio la tatu: mshiriki anavuka mlango, halafu anarudishwa chumba alichoanzia ndipo anaulizwa. Kumbukumbu haikupanda. Kurudi hakukusaidia.

#21 Kalamu Nyekundu
Hapo nakupinga, binti yangu. Mwaka 1975 Godden na Baddeley wa Uingereza waliwachukua wapiga mbizi 18, wakawasomea orodha za maneno, mara chini ya maji, mara nchi kavu. Waliyojifunza chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji, na ya nchi kavu hivyo hivyo. Mahali panasaidia kumbukumbu. Hili nimelifundisha na nimeliona: mwanafunzi anakwama swali, anafunga macho, anarudi kwa mawazo pale alipokaa akisoma, jibu linakuja.

#22 BintiTafakuri
Nakuheshimu mwalimu, lakini wapiga mbizi hao walirudiwa. Jaap Murre wa Amsterdam alichapisha marudio mwaka 2021, maji kwa nchi kavu kama zamani. Matokeo yale hakuyapata.

#23 Kalamu Nyekundu
Marudio moja hayaangushi mti. Mahali pana tafiti nyingine nyingi zaidi ya hiyo ya maji. Na bahasha ya Fundi Saa umeitumia wewe mwenyewe kule namba 3 kama ushahidi kwamba kitu kilikuwepo kikisubiri kuitwa. Bahasha ilikuwa sebuleni. Angewezaje kuiona bila kurudi?

#24 Sijalala
Mwalimu kapiga.

#25 BintiTafakuri
Bahasha ni kidokezo, chumba ni chumba. Angeikuta bahasha chumbani pia angekumbuka. Lakini sawa, hiyo moja nakuachia mpaka asubuhi.

#26 Nyuki Mkavu
Samahani nachepusha uzi kidogo, ila nadhani ni jambo moja.

Mimi na dada yangu tuna ugomvi wa miaka ishirini. Tukiwa wadogo mmoja wetu alianguka kwenye baiskeli, akachanika goti, baba akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Mimi nakumbuka ni mimi. Nakumbuka shati la baba lilivyokuwa limelowa jasho, nakumbuka nimelaza shavu pale, nakumbuka mnyororo wa baiskeli umetoka na gurudumu la nyuma linaendelea kuzunguka. Dada naye anakumbuka ni yeye, na shati analikumbuka.

Mwaka juzi tulikaa mbele ya mama tukamwomba aamue. Mama akasema, "Onyesheni magoti." Kovu analo dada. Mimi goti langu ni laini kama la mtoto.

Mpaka leo, nikifumba macho, mgongoni kwa baba niko mimi. Goti limeshatoa hukumu na kichwa kimekata rufaa.

#27 Mama Wawili
Nyuki, nimecheka halafu nikanyamaza.

#28 Dokta Feki
Hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za magari yakigongana, kisha wakauliza yalikuwa na kasi gani. Walichobadilisha ni neno moja. Walioulizwa kwa neno la "kupondana" walikadiria karibu maili 41 kwa saa, walioulizwa kwa neno la "kugusana" karibu 32. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya filamu, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Wa neno zito, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Wa neno la kawaida la "kugongana", 7 kati ya 50. Kwenye filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika.

Kwa hiyo ile imani kwamba kumbukumbu ni kamera ya video ndiyo ningeiweka juu kuliko hata asilimia 10. Asilimia 10 haimdhuru mtu. Imani ya kamera ya video imetumika mahakamani.

#29 Mtaa wa Saba
Sawa, lakini hizo ni filamu za darasani, nani atajali. Tukio kubwa halisahauliki. Mimi nakumbuka kila kitu siku nilipopata habari ya msiba wa babu.

#30 BintiTafakuri
Pole kwa babu. Ila hili nalo lilipimwa. Chombo cha anga cha Challenger kililipuka Januari 28, 1986. Kesho yake asubuhi mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wake wa chuo karatasi waandike walisikiaje, walikuwa wapi, na nani. Miaka miwili na nusu baadaye akawatafuta tena, akawapata 44. Robo yao hawakupatia jambo kuu hata moja. Wengi walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao za kwanza, wapo waliokubali kwamba mwandiko ni wao lakini wakashikilia kumbukumbu mpya.

Yaani Nyuki Mkavu na goti lake.

#31 Mtaa wa Saba
Sitaki kuamini, na sina karatasi ya siku hiyo ya kujipima. Tuishie hapo.

#32 Jongoo Mwendo Pole
Mmeona sasa? Ninyi wote ni watu wa ubongo wa kushoto, namba, miaka, karatasi. Mimi ni wa kulia, naelewa kwa hisia. Msanii hawezi kukumbuka mkasi uko wapi.

#33 Dokta Feki
Jongoo, pumzika kidogo. Kazi ya mtafiti wa ubongo Roger Sperry kwa wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili ilikuwa ya kweli na ilimpa Nobel mwaka 1981. Pande zinagawana kazi, lugha kwa wengi iko zaidi kushoto. Kilichoongezwa mtaani ni kwamba kuna MTU wa kushoto na MTU wa kulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 2013 walipitia skani za watu 1,011 na hawakupata watu wenye upande mmoja uliotawala ubongo mzima. Daraja lako halijakatwa. Unatumia pande zote mbili kutuchosha.

#34 Jongoo Mwendo Pole
Nakubali kwa shingo upande. Wa kulia.

#35 Salama Salimini
Nimesoma uzi wote tangu mwanzo na ninacheka nanyi, ila niseme moja.

Baba yangu naye alianza na vitu kama hivi, na sisi tukawa tunasema umri, tunasema mawazo. Kuingia chumbani na kusahau hakukututisha, na kweli hilo lenyewe halikuwa tatizo. Kilichotushtua ni siku aliposimama kwenye korido ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, akaishi humo miaka thelathini, akauliza choo kiko upande gani. Aliuliza kwa adabu, kama mgeni. Tulimpeleka kuonwa tukiwa tumechelewa, na daktari wa kwanza alitutuma nyumbani na vidonge vya usingizi.

Sisemi ili kumtisha mtu. Fundi Saa bahasha ilimkumbusha. Baba kidokezo hakikuwa kinafanya kazi tena, hata ukimwekea mkononi.

#36 Fundi Saa
Pole sana, Salama. Asante kwa kuandika.

#37 Kalamu Nyekundu
Pole, mwanangu. Na kwa Fundi Saa aliyeanza na miaka 44: umri upo, lakini haushuki wote kwa pamoja kama pazia. Hartshorne na Germine walichapisha mwaka 2015 matokeo ya maelfu ya watu waliojipima mtandaoni. Mambo tofauti yalifika kileleni umri tofauti. Kuna yanayoanza kuteremka mapema, kama kushika vitu vipya kwa muda mfupi, na kuna msamiati, ambao uliendelea kupanda hadi uzeeni. Mimi nina 67. Mkasi siukumbuki lakini neno la kuuita ninayo matatu.

#38 Sijalala
Yataje.

#39 Kalamu Nyekundu
Yatanijia.

#40 Dokta Feki
Turudi mlangoni. Nilikuwa naisubiri nafasi hii: Chuo Kikuu cha Bond, Australia, Oliver Baumann na wenzake walichapisha mwaka 2021. Walitumia vyumba vya kompyuta vinavyofanana kila kitu, na miwani ya kukuingiza ndani. Mlango peke yake haukuleta usahaulifu wa maana. Wakaongeza mzigo: kumbuka vitu, huku unahesabu namba kurudi nyuma. Hapo ndipo mlango ulipoanza kuuma.

Kwa hiyo labda mlango unasukuma tu kile ambacho tayari kimekaa ukingoni.

#41 Mama Wawili
Si nilisema! Kichwa kimejaa. Hesabu kurudi nyuma ndiyo maisha ya mwenye watoto.

#42 BintiTafakuri
Mama Wawili, ulisema usingizi, hukusema kujaa. Na vyumba vyao vilifanana. Radvansky anaweza kujibu kwamba vyumba vikifanana hakuna sura mpya ya kufungua, kwa hiyo walipima mlango wakasahau chumba. Nyumbani, sebule na chumba cha kulala havifanani.

#43 Mtaa wa Saba
Mnaona? 2011 wanasema ndiyo, 2021 wanasema inategemea. Wapiga mbizi ndiyo, wapiga mbizi hapana. Nilisoma kuna watu walirudia tafiti 100 za saikolojia wakakuta nyingi ni hewa. Basi hata picha ya Fundi Saa na hizi zenu ni kitu kimoja.

#44 Kalamu Nyekundu
Ulichosoma ni cha 2015, na ni kweli: kati ya marudio 100, takriban 36 kwa 100 ndiyo yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Lakini waliorudia ni nani? Wanasaikolojia wenyewe. Picha ya Fundi Saa nani ameirudia? Imesambazwa tu.

Na wale 64 waliobaki wote siyo hewa. Marudio yakigoma mara moja, kosa linaweza kuwa la jaribio la kwanza au la pili. Ukipima joto la mgonjwa mara mbili ukapata namba mbili, hutupi kipimajoto wala humtupi mgonjwa.

#45 Mtaa wa Saba
Nimekuelewa nusu. Nusu nyingine ipo ng'ambo ya mlango.

#46 Fundi Saa
Wadau, nimerudi na daftari. Siku 9, matukio 11. (Binti, najua, mshiriki mmoja. Cornell walikuwa wawili tu na mnawataja mpaka leo.)

Kati ya 11, saba nilivuka mlango. Manne sikuvuka kitu. Mfano, nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, nimevuta droo ya vipuri, mkono ukabaki hewani. Na moja linanitia aibu kuliko yote: nimetoa simu mfukoni kuangalia saa, nikaona kuna ujumbe, nikausoma, nikairudisha simu mfukoni. Saa ngapi? Sijui. Nikaitoa tena.

#47 Sijalala
Fundi saa hajui saa ngapi. Uzi umefika kileleni.

#48 Mtaa wa Saba
Namba 14. Simu. Someni tena.

#49 BintiTafakuri
Mimi naona linakaa upande wangu. Kufungua ujumbe ni kuingia chumba kingine bila kunyanyuka. Mlango si lazima uwe wa mbao.

#50 Dokta Feki
Ukisema kila kitu ni mlango, basi nadharia yako haiwezi kushindwa kamwe, na hiyo siyo sifa. Mimi nasema mzigo. Fundi Saa, siku hizo 9, ulikuwa na kazi nyingi?

#51 Fundi Saa
Nyingi. Na nilikuwa nalala vibaya. Na nina miaka 44. Na simu iko mfukoni.

#52 Mama Wawili
Basi tumeshinda wote.

#53 Jongoo Mwendo Pole
Fundi Saa, fanya hivi: kila ukivuka mlango taja kwa sauti unachofuata. Siku 21 inakuwa tabia. Hiyo ni sayansi.

#54 Kalamu Nyekundu
Siku 21 ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, mwaka 1960, akieleza muda wa chini ambao wagonjwa wake walihitaji kuzoea uso mpya. Chuo Kikuu cha London, UCL, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 wakijenga tabia: wastani siku 66, na ilikwenda kuanzia 18 hadi 254.

Ila kutaja kwa sauti, Jongoo, hilo sikupingi. Leo umepata alama.

#55 Jongoo Mwendo Pole
Naomba moderata aiweke juu hiyo. Mwalimu kanipa alama.

#56 Nyuki Mkavu
Nimemtumia dada uzi huu. Kajibu kwamba shati la baba halikuwa limelowa jasho, mvua ilikuwa inanyesha. Sasa tuna ugomvi mpya.

#57 Sijalala
Naulizia mara ya pili na hakuna anayenijibu. Mkasi ulipatikana?

#58 Fundi Saa
Haujapatikana. Bahasha niliifungua kwa funguo.